Tulipitisha sisi, wakafuta wao: kura za kuwabana wabunge wa majimbo Marekani

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nimezaliwa Fizi, nikakulia kambi ya Nyarugusu, na sasa ni mwaka wa tisa niko Sioux Falls, South Dakota. Uraia nimeupata majuzi tu, kwa hiyo uchaguzi ujao ndio wa kwanza kwangu. Kazini kuna mama mmoja Mmarekani, mtu mzima, tunakaa naye meza moja wakati wa kula. Anasema mwaka 2016 walipiga kura ya kuwabana wabunge wa jimbo wasipokee zawadi na wasijipendelee, kura ikapita, halafu wabunge wenyewe wakaifuta kabla hata baridi haijaisha. Tangu siku hiyo yeye maswali ya nyuma ya karatasi ya kura hayagusi, anachagua watu tu anaondoka. Je, ni kweli? Inawezekanaje wananchi wapitishe na wabunge wafute? Na mimi nikikuta swali kama hilo, nipige kura au niache wazi kama yeye?

Jibu

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa uraia.

Mwenzako hajatia chumvi, hata hiyo ya baridi ni kweli. Novemba 2016 wapiga kura wa South Dakota walipitisha Sheria ya Wananchi Namba 22 kwa asilimia 51.6. Jimbo lilikuwa limetoka kwenye kashfa mbili nzito: moja ya viza za wawekezaji na kiwanda cha nyama kule Aberdeen, nyingine ya fedha za mpango wa elimu wa GEAR UP, zilizokusudiwa kuwafikisha chuo kikuu watoto wa wenyeji asilia. Watu walikuwa na hasira. Sheria ile iliweka kikomo cha zawadi ambazo mshawishi anaweza kumpa mbunge, dola 100 kwa mwaka. Ikaunda tume ya maadili. Na ikaongeza jambo la tatu, ambalo mimi naona ndilo lililoipa maadui wengi: kila mpiga kura aliyejiandikisha apewe vocha mbili za dola 50 kutoka hazina ya jimbo, amchangie nazo mgombea anayemtaka.

Neno "mshawishi" utalikuta sana, basi tuliweke sawa. Ni mtu anayelipwa na kampuni, hospitali, chama cha wakulima au cha walimu ili wakati wa kikao akae Pierre, makao makuu ya jimbo lenu, azungumze na wabunge sheria iende upande wa mwajiri wake. Kazi yake ni halali na jina lake limesajiliwa. Tatizo linaanza pale anapolipa bili ya chakula cha jioni.

Kabla sheria haijazoea hewa, kundi la wabunge, karibu wote wa chama cha Republican, likaenda mahakamani. Hoja yao moja ilikuwa hii: tafsiri ya "zawadi" ni pana mno. Mbunge ambaye mkewe ni muuguzi katika hospitali yenye mshawishi Pierre, mshahara wa mkewe utahesabiwa zawadi kutoka kwa mwajiri wa mshawishi, na dola 100 zinaisha siku ya kwanza ya kazi. Usicheke, hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Desemba 2016 Jaji Mark Barnett akaisimamisha sheria yote. Januari bunge likaanza kikao, na badala ya kurekebisha hicho kipengele cha zawadi likaleta muswada wa kufuta kila kitu. Seneti yenye viti 35 ikapitisha kwa kura 27 dhidi ya 8, na tarehe 2 Februari 2017 Gavana Dennis Daugaard akatia saini.

Sasa sikiliza kilichofanya mwenzako akasirike mpaka leo. Muswada ule ulibeba kifungu cha dharura. Dodoma nako kuna "hati ya dharura", lakini ile huharakisha tu muswada upite. Ya Pierre ina meno mawili. Sheria ikipita kwa theluthi mbili ikiwa na kifungu hicho, inaanza kazi palepale, na wananchi wanapoteza haki ya kukusanya saini ili waipeleke kwenye kura ya maoni. Walifuta, na funguo wakaondoka nazo. Ukumbuke pia kwamba hili ndilo jimbo la kwanza Marekani kuwapa wananchi haki ya kutunga sheria kwa kura, mwaka 1898.

Inawezekanaje? Kwa sababu kile walichokipitisha kilikuwa sheria ya kawaida. Kwenye karatasi ya kura ya jimbo lako mambo ya aina mbili yanakaa jirani na yanafanana sura: sheria ya wananchi, na marekebisho ya katiba ya jimbo. Ya kwanza ikishapita inalala kabati moja na sheria nyingine zote, na bunge linaweza kuifungua na kuichana siku yoyote. Ya pili bunge haliwezi kuigusa peke yake. Lazima lirudi kwenu. Majimbo hayafanani katika hili. California bunge haliwezi kuifuta sheria ya wananchi bila kuwauliza, isipokuwa sheria yenyewe imeruhusu. Arizona, tangu kura ya 1998, bunge linahitaji robo tatu ya wabunge, tena badiliko lenyewe lazima liendeleze kusudi la wananchi. South Dakota hakuna ulinzi wa namna hiyo. Ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Kwa hiyo anapokusimamisha kijana mwenye ubao na kalamu nje ya duka anaomba saini, swali la kwanza la kumuuliza ni hilo: hii ni sheria, au ni katiba? Waandaaji mara nyingi huchagua sheria kwa sababu ya unafuu. Kwenu inahitaji saini sawa na asilimia 5 ya kura zilizopigwa za ugavana, na ya katiba asilimia 10, mara mbili yake. Saini ni pesa na ni miguu. Unafuu wa mwanzo ndio uliowagharimu mwaka 2017.

Hapo hapo jirani yenu wa kaskazini alijifunza. North Dakota mwaka 2018 waliweka tume ya maadili ndani ya katiba yenyewe, Ibara ya 14, wakapitisha kwa asilimia 53 na ushei: tume ya watu watano, marufuku ya zawadi za washawishi, na mbunge akitoka madarakani akae miaka miwili kabla ya kuwa mshawishi. Wabunge wao wamelalamika nayo na wamevutana nayo, lakini hawajaweza kuifuta. Mwaka uleule South Dakota walijaribu tena, safari hii kwa katiba, Marekebisho W, yakiwa na kipengele kwamba bunge lisifute kilichopitishwa na wananchi bila kuwarudia. Yakaanguka, karibu asilimia 55 walisema hapana. Wapinzani walisema bodi mpya ingepewa mamlaka kupita kiasi, na maandishi yenyewe yalikuwa marefu mno. Kwa hiyo mwenzako akisema "wabunge walitufutia" ni kweli, na ni kweli pia kwamba wananchi walipopewa nafasi ya pili waliikataa. Hiyo nusu ya pili watu huisahau mezani.

Bunge nalo halikuacha patupu kabisa. Mwaka 2017 kikomo cha dola 100 kwa mwaka kilirudishwa kwa sheria ya wabunge wenyewe, ila chakula na vinywaji vya papo hapo havihesabiwi. Unaona ujanja? Zawadi anayopewa mbunge kila siku ni chakula na kinywaji. Watu wa California waliliona hilo zamani. Juni 1974 walipitisha Pendekezo la 9 kwa takriban asilimia 70, likiweka kikomo cha dola 10 kwa mwezi kutoka kwa mshawishi kwenda kwa mbunge, na Jerry Brown, aliyelipigia debe, alikuwa akieleza kwamba hela hiyo inatosha hambaga mbili na Koka. Kila mtu alielewa bila kuwa na digrii ya sheria.

Lakini zawadi ni sehemu ndogo ya mambo, dada yangu. Mgongano wa maslahi wenyewe ni mkubwa kuliko sahani ya nyama.

Wabunge wa majimbo mengi si wabunge wa kudumu kama wa Nairobi au Dodoma. Bunge lenu lina watu 105, wanakutana Januari mpaka Machi, halafu kila mtu anarudi kwenye shughuli yake: ng'ombe, bima, duka la dawa, shule ya chekechea. Mkulima anapigia kura kodi ya mashamba. Wakala wa bima anapigia kura sheria ya bima. Nyerere katika Azimio la Arusha la 1967 alikata mzizi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wazazi wako kambini waliishi katika nchi ambayo ilijaribu hivyo, kisha ikalegeza Zanzibar mwaka 1991. Hakuna jimbo la Marekani lililowahi kufika huko, wala wapiga kura hawajaulizwa. Wao wanauliza jambo dogo zaidi: mwenye biashara aendelee nayo, lakini aseme anayo, na ikifika zamu ya kura inayogusa mfuko wake, akae pembeni. Wabunge wa Tanzania husimama wakasema "natangaza maslahi" kisha wakaendelea kuchangia. Ugomvi wote uko kwenye hicho kinachofuata baada ya kutangaza.

Hapa nakupeleka Rhode Island, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo swali hili lilipigiwa kura likiwa uchi kiasi kile.

Mwaka 1986 watu wa Rhode Island waliweka tume ya maadili ndani ya katiba, yenye nguvu ya kutunga kanuni na kuwaadhibu hata wabunge. Ikafanya kazi miaka mingi. Kisha akatokea Rais wa Seneti, William Irons, ambaye kazi yake nje ya bunge ilikuwa uwakala wa bima. Alishtakiwa mbele ya tume kwamba alitumia kiti chake katika miswada ya maduka ya dawa huku akipata kamisheni kwenye bima ya afya iliyohusu kampuni ya maduka hayo, CVS. Alikuwa ameshajiuzulu mwishoni mwa 2003. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya jimbo, na Juni 2009 mahakama ikasema: tume haiwezi kumuuliza mbunge kuhusu kura aliyopiga, kwa sababu katiba hiyohiyo ina kinga ya maneno bungeni.

Kinga hiyo unaijua hata kama hujui jina lake. Iko Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania: kinachosemwa bungeni hakihojiwi mahakamani wala mahali pengine. Ililetwa ili mfalme asimfunge mbunge aliyemkosoa. Huko Rhode Island ikageuka mwavuli wa wakala wa bima. Tume ilibaki na ofisi, wajumbe tisa na karatasi za kujaza, na bado ingeweza kumwajibisha mbunge asiyetangaza mali. Kura yenyewe ndiyo haikuguswa, wakati kura ndiyo bidhaa yenyewe.

Dawa ilikuwa moja: kurudi kwenye katiba na kuandika wazi kwamba kinga ya maneno haizuii tume. Ila Rhode Island wananchi hawana haki ya kukusanya saini na kuandika swali. Swali lazima litoke bungeni. Maana yake walionufaika na mwavuli ndio waliotakiwa kuukunja. Miaka ikapita. Wengine walikuwa na hofu ya kweli, kwamba tume ya watu walioteuliwa itatumiwa kuwatisha wabunge wenye misimamo mikali, na hofu hiyo siidharau. Wengine walikuwa wanavuta muda tu. Kilichowasukuma ni aibu: Spika Gordon Fox alipekuliwa na FBI 2014, mwaka uliofuata akafungwa kwa rushwa, Mei 2016 mwenyekiti wa Kamati ya Fedha akajiuzulu akiwa chini ya uchunguzi. Juni 2016 bunge likalipeleka swali kwa wananchi, na Novemba likapita kwa karibu asilimia 78. Miaka saba na miezi kadhaa tangu hukumu.

Hata hivyo soma na maandishi madogo. Sheria ya Rhode Island inasema hakuna mgongano ikiwa mbunge anafaidika sawasawa na watu wengine wote wa kazi yake. Mwalimu mbunge anaweza kupigia kura mishahara ya walimu wa jimbo zima. Walimu wote wananufaika, yeye akiwa mmoja wao. Akipigia kura mkataba unaohusu shule yake peke yake, hapo yumo. Kifungu cha namna hii kiko karibu kila jimbo, na bila hicho bunge la wakulima lisingeweza kupitisha sheria ya kilimo. Lakini humo humo ndimo watu wanamopenyea. "Kundi" lina watu wangapi? Wakala wa bima wako mia tano, sawa. Je, wamiliki watatu wa machimbo? Unaposoma swali la kura la maadili, tafuta lilivyoandika hapo. Kama halikusema kitu, tume au mahakama ndiyo itakayosema baadaye.

Alaska wana mchezo wao ambao ukiuona mara moja hutausahau. Kanuni zao zinamtaka kila mbunge aliyepo apige kura, asipoomba ruhusa ya kukaa nje, na ruhusa inahitaji ukumbi mzima ukubali. Basi mbunge ambaye mumewe anafanya kazi kampuni ya mafuta anasimama, "Mheshimiwa, nina mgongano wa maslahi kwenye muswada huu wa mafuta, naomba nisipige kura." Kutoka viti vya nyuma sauti moja: "Napinga." Imekwisha. Anakaa chini, anapiga kura. Ametangaza, amezuiwa kujitoa, dhamiri safi, na sekunde ishirini hazijapita.

Mwaka 2018 wananchi walikusanya saini ili wabadilishe hayo pamoja na mengine. Katiba ya Alaska inasema bunge likipitisha jambo linalofanana kwa kiasi kikubwa na ombi la wananchi kabla ya uchaguzi, ombi linaondolewa kwenye kura. Bunge likapitisha Muswada 44, ukaweka kiwango cha dola 10,000 na kuhesabu maslahi ya familia na ya mwajiri, Gavana Bill Walker akautia saini, na swali likaondoka kwenye karatasi. Watu wakashangilia. Mwaka 2019, baada ya kamati ya maadili kuusoma kwa upana hadi wabunge wakaogopa hata kujadili faraghani mambo yanayogusa kampuni za waume na wake zao, bunge likaufuta ule upande wa mgongano wa maslahi kwa Muswada 89. Na hili ndilo ninalotaka ulione: katiba ya Alaska inakataza bunge kufuta sheria iliyopitishwa na wananchi kabla ya miaka miwili. Ila hii haikupitishwa na wananchi. Wananchi walishinda kabla ya kupiga kura, ndiyo maana sheria yao haikuwa na kinga.

Usije ukadhani katiba peke yake inatosha. Missouri mwaka 2018 waliweka ndani ya katiba marekebisho yaliyoitwa Clean Missouri, kwa asilimia 62: zawadi ya mshawishi isizidi dola 5, miaka miwili kabla ya mbunge kugeuka mshawishi, na mtaalamu huru wa kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Hicho cha mwisho ndicho kilichowauma wabunge. Mwaka 2020 wakaleta marekebisho yao, nayo yalianza kwa sukari: zawadi za washawishi marufuku kabisa, kutoka dola 5 hadi sifuri, na kikomo cha michango kwa wagombea wa Seneti kishuke kutoka dola 2,500 hadi 2,400. Chini ya sukari, mtaalamu huru akaondolewa. Yakapita kwa asilimia 51. Mtu aliyesoma mistari miwili ya juu alidhani anaongeza ukali.

Arkansas walifanya hayo kwa ustadi zaidi mwaka 2014. Swali la 3 lilipelekwa na bunge, likaitwa la maadili, uwazi na marekebisho ya fedha. Lilikataza zawadi za washawishi, ingawa chakula kwenye hafla iliyopangwa na kualika kundi zima la wabunge kilibaki halali. Lilikataza kampuni kuwachangia wagombea. Humo humo likaunda tume ya kupanga mishahara, na likaelezwa kuwa linaweka ukomo wa muda wa wabunge. Ukomo ulikuwepo tangu 1992: miaka sita Baraza la Wawakilishi, minane Seneti. Swali lile lilikuwa linaurefusha hadi miaka 16. Likapita kwa asilimia 52 hivi, na mwaka uliofuata tume mpya ikapandisha mshahara wa mbunge kutoka dola 15,869 hadi 39,400. Mmoja wa wadhamini wake wawili, Seneta Jon Woods, mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 18 kwa kupokea rushwa kupitia fedha za misaada ya jimbo. Mdhamini wa swali la maadili.

Kwa upande huo mna bahati. South Dakota tangu 2018 wana kanuni katika katiba, ninyi wenyewe mliipitisha, kwamba marekebisho ya katiba yashike jambo moja tu. Sukari na dawa haviwezi kuchanganywa kirahisi kwenye kikombe kimoja.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la wananchi wenyewe kubana mpaka kamba ikate. Colorado mwaka 2006 walipitisha Marekebisho 41 kwa zaidi ya asilimia 62: zawadi kwa watumishi wa umma na familia zao zisizidi dola 50 kwa mwaka. Siku chache baadaye watu wakaanza kuuliza: mtoto wa mfagiaji wa shule ya serikali akipata ufadhili wa masomo? Profesa wa chuo cha umma akishinda Nobel? Walioandika walisema hawakukusudia hivyo, lakini maandishi yalikuwa pale. Jaji wa Denver akasimamisha 2007, Mahakama Kuu ya jimbo ikarudisha 2008, na tume ikaja kunyoosha tafsiri. Leo inafanya kazi. Ila ukiwa umemwona mzazi anayeogopa kupokea barua ya ufadhili ya mwanawe, unaelewa kwa nini hoja ya mke muuguzi kule Pierre ilipata masikio.

Sasa nikurudishe nyumbani, maana huenda unadhani South Dakota hakuna kitu kabisa. Kipo, tena kikongwe. Katiba mliyoingia nayo kwenye muungano mwaka 1889, ambayo nayo ilipigiwa kura, ina Ibara ya 3 kifungu cha 12: mbunge asiwe na maslahi, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, katika mkataba na jimbo ulioidhinishwa na sheria iliyopita katika kipindi chake, wala ndani ya mwaka mmoja baada yake. Kililala huko kikionekana kama picha ya babu ukutani. Mwaka 2023 kikaamka. Seneta mmoja wa Rapid City mwenye shule za chekechea alikuwa amepokea fedha za misaada ya korona zilizopita mikononi mwa jimbo, na alikuwamo bungeni zilipoidhinishwa. Alijiuzulu, akakubaliana na Mwanasheria Mkuu wa jimbo kurudisha dola 499,129.53. Hata senti zimo. Wabunge wengine wakashtuka, wakaanza kujihesabu, na Februari 2024 Mahakama Kuu ya jimbo ikatoa maoni yaliyopunguza hofu: mambo ya kawaida kama mshahara wa mwalimu wa wilaya hayaguswi. Kifungu chenyewe bado kipo. Hakuna bunge lililoweza kukifuta kwa kifungu cha dharura.

Basi ukikutana na swali la namna hii, mimi ningeanza na kijitabu cha maswali ya kura kinachotolewa na ofisi ya Katibu wa Jimbo. Ndani yake kuna maelezo ya Mwanasheria Mkuu na hoja za pande mbili. Ruka kichwa cha habari, nenda kwenye maelezo. Angalia kwanza kama ni sheria au katiba, na nani amelileta, bunge au saini. Kisha tafuta nani atakayesimamia, anateuliwa na nani, na fedha zake zinatoka wapi, kwa sababu tume isiyo na bajeti ni kibao cha mlangoni. Kama hakuna msimamizi aliyetajwa, jua kwamba wabunge watajisimamia. Kiasi cha dola cha zawadi ningekisoma mwisho.

Na uangalie sana maana ya "Ndiyo". Kwenye sheria ya wananchi na marekebisho, "Ndiyo" ni kubadilisha. Lakini ikiwa wananchi wamekusanya saini kuipinga sheria iliyopitishwa na bunge, hapo "Ndiyo" ni kuikubali ile sheria ya bunge, na aliyetia saini kuipinga anatakiwa aweke "Hapana". Karatasi yenu inaeleza chini ya kila swali kura ya "Ndiyo" inafanya nini. Soma sentensi hiyo mara mbili. Watu hujikwaa hapo kila mwaka.

Kuhusu kuacha wazi: haikuharibii kura zako nyingine, wala hakuna wa kukuuliza. Kwenu swali linapita kwa wingi wa waliolijibu, kwa hiyo anayeacha wazi amewaachia waliojibu waamue. Mwaka 2016 swali lile lilipita kwa tofauti ya kura elfu kumi na moja hivi katika jimbo zima. Ila kama una ndugu ng'ambo ya mpaka, Minnesota, mwambie kwao ni tofauti: marekebisho ya katiba yanahitaji zaidi ya nusu ya wote waliokwenda kupiga kura siku hiyo, na anayeacha wazi amehesabiwa kuwa amesema hapana.